Wote tunataka straika, mlangoni akae nani?

Wajameni, kama kuna watu wanaojua kupanga matumizi ya hela zisizokuwa zao, basi ni mashabiki wa mpira wa Shinyanga! Mtu hana hata mia mbili ya kahawa, daftari la madeni la mama muuza limejaa jina lake tangu Jumatatu, lakini hebu muulize golikipa fulani anastahili kulipwa shilingi ngapi. Jibu utalipata hapo hapo, tena na chenji yake.

Mie naishi Ibadakuli, huku pembeni mwa manispaa, upande wa uwanja wa ndege. Nina kibanda cha kuweka na kutoa pesa za simu, na kibanda changu kimegusana ubavu kwa ubavu na cha fundi baiskeli. Sasa ninyi wa Dar mnaweza msielewe maana ya fundi baiskeli. Kwetu baiskeli ndiyo ilikuwa daladala yenyewe, kabla bodaboda hazijaja kuwanyima watu ulaji. Kwa hiyo kwa fundi ndiko kijiweni, ndiko bungeni, na kila jioni ndiko makao makuu ya mpira. Mie sina la kufanya, nasikia tu. Wateja wenyewe wakija wanasahau walichofuata, wanakaa kwenye benchi kubishana, mpaka mtu anakumbuka saa mbili usiku kwamba alitumwa hela ya dawa.

Wabishi wakubwa ni watatu. Wa kwanza ni fundi mwenyewe, mfuasi wa Stand United mpaka kwenye damu. Wa pili ni mzee mmoja tunamwita Guku, yaani babu kwa Kisukuma, aliyefanya kazi Mwadui enzi zake. Huyo ukimwambia kuna timu nyingine duniani zaidi ya Mwadui anakutazama kama umemtukana mama yake. Wa tatu ni kijana wa bodaboda, mjuaji kweli kweli, kila jambo kasikia mahali. Mie huwa namwamkia Guku kwa kupiga goti, “Ng'wadila Guku,” naye ananiitikia vizuri, “Ng'wadila mayu,” halafu anageuka kumwambia fundi kwamba akili yake imeshika kutu kama minyororo anayoitengeneza.

Ubishi wenyewe siku zote ni ule ule. Hela kidogo iliyopo, anunuliwe nani?

Fundi ana kesi yake ya miaka. Stand United, Chama la Wana, ni timu iliyotokana na wapiga debe wa stendi ya mabasi ya Shinyanga. Si timu ya kiwanda, si ya jeshi, si ya halmashauri. Watu waliokuwa wanaita abiria wa Mwanza na Kahama, ndio hao hao wakaita wachezaji! Na mwaka 2014 wakaingia Ligi Kuu. Hebu fikiria, Kambarage inapokea Ligi Kuu, mji mzima umevaa, na mechi ya kwanza kabisa wanakuja Ndanda kutoka Mtwara... wanatutandika 4-1! Nyumbani! Fundi anasema siku hiyo alitembea kwa miguu kutoka Kambarage mpaka Ibadakuli akiwa anasukuma baiskeli nzima, haina pancha, ila hakuwa na nguvu ya kupanda.

Wiki chache baadaye timu hiyo hiyo ikaenda Dar na kutoka 1-1 na Simba. Ndipo fundi anapokunja ngumi na kugonga tindo yake kwenye benchi: “Mnaona? Wachezaji wale wale! Tofauti ni nini? Nyuma palifungwa.”

Kwake yeye kila kitu ni nyuma. Nyuma, nyuma, nyuma.

Halafu ikaja ile neema. Mwaka 2015 kampuni ya dhahabu ya Acacia, wale waliokuwa wenye Bulyanhulu na Buzwagi, wakamwaga udhamini. Timu ya wapiga debe ikawa na kocha Mfaransa, Patrick Liewig, yule aliyewahi kuinoa Simba. Straika wetu Elias Maguli akawa anacheka na nyavu mpaka akaitwa Taifa Stars, na tarehe 14 Novemba 2015 pale Dar akawafunga Algeria, mechi iliyoisha 2-2, bao jingine la Samatta. Nakwambia siku hiyo Shinyanga hapakulalika. Mie nilikuwa bado mdogo lakini nakumbuka makelele, na nakumbuka kuku wa jirani alichinjwa bila ya mwenyewe kuulizwa.

Basi hela ikishaingia, ndugu zangu, ndipo maneno yanapoanza. Stand ikagawanyika. Kundi moja likasema timu ni ya wanachama, jingine likasema timu ni kampuni. Ofisi mbili, viongozi huku na viongozi kule, kila mmoja anasema yeye ndiye halali. Mwaka 2016 Acacia wakaona ya nini yote haya, wakafunga pochi. Mfaransa naye akaaga. Ikabaki timu, likabaki vumbi la Kambarage, tukabaki sisi wa kwenye benchi.

Mechi ambayo hapa kijiweni haijaisha mpaka leo ilichezwa Septemba 2018, uwanja wa Taifa, sasa unaitwa Benjamin Mkapa. Stand na Yanga. Mrundi wetu Alex Kitenge kafunga hat-triki, mabao matatu peke yake ndani ya nyumba ya Yanga! Ukisikia hivyo tu utasema tulishinda. Tulifungwa 4-3.

Hapo kijiwe kinapasuka vipande. Kijana wa bodaboda anasema lile ni somo kwamba straika mzuri ndiye mali, maana bila Kitenge tungekula nne bila. Fundi anasema hapana, lile ni somo kwamba ukimnunua mtu wa kukufungia matatu huku huna wa kukuzuilia manne, umenunua ndoo nzuri ya kuchotea maji kwenye pipa lililotoboka. Na kweli msimu ulipokwisha, mwaka 2019, tukashuka daraja pamoja na African Lyon.

Lakini hapa nami niseme langu, maana naona wote wawili wanapita mbali na mfuko. Msimu ule wa 2018/19 ligi ilikuwa na timu 20, mechi 38, na haikuwa na mdhamini mkuu. Chukua ramani uangalie Shinyanga iko wapi. Mpaka Dar ni karibu kilometa 1,000. Kisha kuna Mtwara, kuna Tanga, kuna Mbeya huko. Nauli, kula, kulala, tena watu zaidi ya ishirini! Kabla hujafikiria kumlipa golikipa, basi lenyewe limeshakula mshahara wake. Timu ya Dar ina mechi nyingi za kwenda kwa kupanda daladala tu. Sasa mtu anakuja kuniambia Stand ilishuka kwa sababu kipa alitema mpira mmoja. Ala!

Guku yeye husubiri wachoke. Kisha anakohoa kidogo, anaanza: “Sisi Mwadui...” Hapo fundi huinua nyundo na kujifanya ana kazi.

Mwadui nayo ina hadithi yake. Ni timu ya mgodi wa almasi, ule alioufungua John Williamson baada ya kugundua almasi mwaka 1940. Ilivuma zamani, ikapotea, ikarudi Ligi Kuu mwaka 2015 chini ya Jamhuri Kihwelo, Julio mwenyewe, yule wa maneno mengi. Na Julio alikuja na dawa yake. Hakutafuta watoto. Alikusanya majina! Jerson Tegete, Athumani Idd ‘Chuji’, Jabir Aziz, Nizar Khalfan, na golini Shaaban Kado. Watu waliokwisha kula chumvi Simba na Yanga. Wabaya wao waliwaita wazee, lakini Guku anasema mtu mzima hafundishwi kusimama mahali pake. Na anamtaja Kado kila mara, kwamba kipa aliyekwisha pigiwa kelele na uwanja mzima wa Dar hawezi kutetemeka kwa kelele za Kambarage.

Kwa hilo namuunga mkono Guku. Golikipa si kama winga. Winga akifika miaka thelathini na tatu miguu inamwambia kaka, tumechoka. Kipa ndiyo kwanza anaanza kuuona mchezo. Mtazame Juma Kaseja. Walishamzika mara ngapi magazetini? Septemba 2019 yuko KMC, umri umekwenda, akaitwa Stars icheze na Burundi kutafuta Kombe la Dunia. Ikawa sare, ikaja mikwaju ya penalti, tukashinda 3-0. Tatu bila kwenye penalti! Warundi hawakupata hata moja. Na aliyekuwa amesimama mlangoni ni huyo mzee wao.

Mwadui nayo ilishuka, mwaka 2021. Kijana wa bodaboda humkumbusha Guku jambo hilo pale tu anapotaka mzee aondoke mapema.

Mwaka ule ule Mwadui inashuka, jirani zetu Geita Gold wakapanda. Haya, hapo ndipo kijana wa bodaboda anapopata mdomo. Msimu wa 2021/22 Geita wakamaliza wa nne, na George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 17, akimwacha Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mzawa, wa timu ya mkoani, kampiga bao Mkongo wa mamilioni! Kijana anasema hiyo ndiyo biashara, mtafute straika mmoja mwenye njaa, mpe mpira, kaa utazame.

Sawa. Lakini biashara ya straika mwenye njaa ni kwamba akishiba, au wenye sahani kubwa wakimwona, anaondoka. Mpole alivuka mpaka akaenda FC Lupopo ya Lubumbashi. Na mwaka 2024 Geita Gold wakashuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Sisemi wameshuka kwa sababu ya mtu mmoja, la hasha. Nasema tu kwamba kanda hii yenye dhahabu na almasi ilikuwa na timu za Ligi Kuu, moja baada ya nyingine zikadondoka kama maembe. Chama la Wana nao walijitutumua mpaka mchujo wa kupanda mwaka 2025, wakakwama kwa Fountain Gate. Fundi siku hiyo hakufungua kibanda. Mie nilipokea baiskeli nne zenye pancha kwa niaba yake na wenye baiskeli wakadhani mie ndiye fundi.

Sasa ngoja niwape ya mwezi uliopita. Kijana wa bodaboda ana binamu yake Kanada, na huyo binamu kamwambia habari za mpira wa magongo wa kule, ule wanaocheza juu ya barafu wakiwa wamevaa viatu vya visu. Kijiwe kikacheka. Guku akasema magongo si mageni, Tanzania ilipeleka timu Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Tukamuuliza ilikuwaje, akatazama pembeni. Ilifungwa na India 18-0! Fundi akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia mgonjwa: “Na siku hiyo golini alikaa nani?” Jamani tulicheka mpaka mama muuza akamwaga kahawa.

Lakini la binamu lilikuwa na maana. Anasema ligi ile ya Marekani na Kanada ina kofia ya mishahara. Maana yake timu haiwezi kuwalipa wachezaji wake wote kwa jumla zaidi ya kiasi fulani, hata tajiri awe na hela za kujaza ghala. Walianza mwaka 2005, baada ya matajiri na wachezaji kugombana mpaka msimu mzima ukafutwa. Kofia ilianza na dola milioni 39, na kwa msimu wa 2025/26 imefika milioni 95 na nusu. Kwa hiyo mashabiki wa kule kutwa ni hesabu. Ukimpa huyu kumi, wale wengine ishirini na kitu wagawane zilizobaki. Mkate ni mmoja, ukikata kipande kinene cha mmoja, wengine wanakula ukoko.

Na ugomvi wao mkubwa ni golikipa! Timu moja ya Florida mwaka 2019 ilimchukua kipa wa Kirusi, Sergei Bobrovsky, kwa dola milioni 70 za miaka saba. Yaani milioni kumi kila mwaka, kama sehemu moja ya nane ya kofia yote ya wakati ule, kwa mtu mmoja wa kusimama mlangoni. Mashabiki walilia, walisema klabu imeingia mkenge. Miaka ikapita, wakaendelea kulalamika. Mwaka 2024 timu ikachukua ubingwa. Mwaka 2025 ikachukua tena. Golini ni yule yule.

Fundi aliposikia hayo alisimama akampa kijana wa bodaboda mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Huku kwetu kofia hiyo haipo. Simba na Yanga wanalipa wanavyoweza, na kinachohesabiwa ni wageni tu. Mwaka 2015 waliruhusiwa saba, 2018 wakawa kumi, 2021 wakawa kumi na wawili. Na wakubwa wakaona nafasi moja ya mgeni ni ya golini. Yanga wakamleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, Simba nao wakapita kwa Mmorocco Ayoub Lakred na Mguinea Moussa Camara. Mie siwalaumu, hela ni yao. Ila mtoto wa hapa mwenye ndoto ya kuwa golikipa anatazama juu na kuona mlango wenyewe umeshawekewa mlinzi wa kigeni.

Na hapo ndipo roho yangu inapouma, maana mtoto huyo ninaye nyumbani.

Mdogo wangu ni golikipa wa timu ya mtaa. Ana miaka kumi na tisa, mikono mirefu kama ya kuchumia maembe, anaosha bodaboda mchana na kudaka jioni. Kiwanja chetu kina kokoto. Akiruka, anatua na ngozi yake. Mama kila Jumapili anampaka mafuta ya taa kwenye viwiko huku akimuuliza kama huo mpira unalipa. Haulipi.

Mie nami ni mhazina wa timu hiyo. Walinichagua kwa sababu hela zinakaa kibandani kwangu na kwa sababu, kama alivyosema Guku, wanaume wa kijiwe hiki ukiwapa elfu moja washike, ukirudi unakuta mia nane na maelezo. Basi yakaja mashindano ya kata, na sisi mfukoni tulikuwa na shilingi 214,000 za michango. Ada ya kushiriki 50,000. Mpira mpya na pampu 38,000. Waamuzi na maji, 9,000 kila mechi, tuliweka mechi nne, 36,000. Zikabaki 90,000. Nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, nikapiga mstari chini, nikawaambia: kofia yetu ndiyo hii, haizidi hata senti.

Kijiwe kizima kikageuka ligi ya barafu!

Kijana wa bodaboda akasema yupo straika Kahama, hatari, anafunga akiwa amefumba macho. Anataka 60,000 kwa mechi moja pamoja na nauli ya kwenda na kurudi 14,000. Fundi akasema yupo golikipa wa kukodi, alishawahi kucheza daraja la chini huko, 40,000 kwa mechi. Maana yake mechi mbili tu, 80,000, halafu basi. Mie nikasema kipa tunaye, hajafungwa zaidi ya bao moja mechi yoyote mwezi mzima, tatizo lake ni glovu. Anadakia za kazi za ujenzi, zile za kubebea tofali. Glovu halisi mjini ni 35,000. Zinabaki 55,000, kila mchezaji wa kikosi cha kwanza anapata 5,000 ya soda na sabuni. Hesabu haina makombo.

Kelele! “Mhazina anamtetea mdogo wake!” “Damu nzito!” Mmoja akasema nimpe na mke kabisa. Nikawafungulia daftari mezani, nikasema someni wenyewe, kama kuna tarakimu inayonuka undugu mnionyeshe. Hakuna aliyeonyesha, ila hakuna aliyekubali. Mwanaume akishaamua kwamba umepata hesabu sahihi kwa sababu mbaya, huna cha kumwambia.

Guku ndiye aliyeamua. Glovu zinunuliwe, na yule wa Kahama apigiwe simu apunguze. Akapunguza mpaka 40,000. Na nauli, 54,000. Jumla 89,000, ikabaki elfu moja. Kumi na moja wetu wakabaki na soda ya kuiona dukani.

Nikawaambia mapema, jamani, hawa watoto wanajua. Mtaa huu hauna siri. Kama mie najua mama muuza kaweka maji kiasi gani kwenye maziwa, wao hawajui mgeni kalipwa nini?

Mechi ya nusu fainali, yule straika akaja. Viatu vya rangi ya machungwa, nywele zimekatwa mistari, mabinti wote wa Ibadakuli wakahamia upande wake wa uwanja. Kweli anajua mpira, sitamdhulumu. Lakini dakika ya kumi, ya ishirini, ya arobaini, mpira haufiki! Kiungo wetu anautazama mguu wa elfu arobaini uko peke yake, halafu anarudisha nyuma kwa beki. Winga anapiga chenga mpaka anatoka nao nje. Jamaa kainua mikono mpaka imechoka. Kipindi cha pili kiungo mmoja alipita karibu na mstari, fundi akamfokea, “Mpe mwenzio mpira!” Kijana akajibu bila kugeuka, “Akaununue na wake.”

Ikaisha bila bila. Bila bila hiyo si ya bure, maana mdogo wangu alitolea nje mipira mitatu ambayo mie nilishafunga macho. Zile glovu zilionekana kutoka mbali, kijani, kama mtu kashika majani ya mgomba.

Penalti. Mdogo wangu akadaka mbili. Mbili! Wao wakapata tatu. Sisi tukapata mbili. Waliokosa ni nahodha, ni kiungo wetu yule wa “akaununue”, na wa mwisho ni mgeni wetu wa Kahama, aliyepiga mpira ukapaa kuelekea uwanja wa ndege kama una tiketi.

Kuanzia siku ile mpaka wiki jana kijiwe kimekaa kamati. Fundi anasema ameshinda ubishi, nyuma palifungwa. Kijana wa bodaboda anasema ameshinda yeye, maana straika hakupewa mpira, huwezi kumhukumu mtu ambaye hajapewa mpira. Guku anasema sisi Mwadui tungeshinda. Mie nasema na nitaendelea kusema kwamba elfu tano tano zingewafanya wale watoto kumi wakimbie kwa ajili ya mtu yeyote, hata wa Kahama, lakini nani anamsikiliza mhazina? Stand na hela za dhahabu walianguka kwenye kugawana, sisi tunaanguka kwenye kugawana elfu hamsini na tano.

Na mdogo wangu? Siku ile ya mechi palikuwepo jamaa mmoja mwenye duara huko Nyarugusu, alikuja msibani kwao, akapita kutazama mpira. Wachimbaji wana timu yao. Akamfuata mdogo wangu akamwambia kuna kazi kwenye karasha, na Jumapili kuna kudaka, 15,000 kila mechi, iwe mmeshinda iwe mmefungwa. Mama alikataa siku tatu. Anaogopa mashimo, na mie naogopa, kila mvua ikinyesha tunasikia habari za watu waliofukiwa. Mdogo wangu akamwambia, mama, mie sishuki shimoni, mie nakaa juu kwenye karasha na nakaa golini. Mama akamuuliza, na ukifungwa? Akasema, hata nikifungwa nalipwa. Mama hakuwa na jibu la hilo, na mie pia sikuwa nalo.

Kaondoka Alhamisi na basi la asubuhi, kilo mbili za michembe kwenye mfuko wa rambo, na glovu kaning'iniza shingoni.

Sasa kijiweni kuna hoja mpya. Mashindano mengine yanakaribia, golini hakuna mtu, na kwenye daftari langu kuna shilingi elfu moja. Fundi anataka yule kipa wa kukodi. Wengine wanasema glovu ni mali ya timu, mhazina azirudishe. Nimewaambia ziko Nyarugusu, wazifuate wenyewe, na nauli watoe mifukoni mwao.